Mganda Aliyesimama Ng'ambo ya Barabara

Nilipewa lindo la sinagogi kwa sababu mimi ni mwanamke. Wanawake wanaoingia pale hawapekuliwi na mwanamume, na kampuni yetu ya ulinzi haikuwa na wanawake wengi wanaokimudu Kiingereza. Siku ya kwanza nilishushwa mbele ya villa ya kawaida kabisa, yenye ukuta mrefu wa rangi ya mchanga, bila kibao wala alama. Nikamuuliza msimamizi wangu, Mkenya aliyekaa Dubai tangu ujana wake, kama hiyo ndiyo yenyewe.

"Ndiyo yenyewe," akasema. "Na mtu wa nje akikuuliza, wewe hujui ni nini. Unalinda villa. Basi, khalas."

Kazi yenyewe ilikuwa ni kushuku. Kila Ijumaa ofisi ilinipa orodha ya majina, na asiyekuwemo haingii. Kila mkoba ulifunguliwa. Gari likisimama karibu na ukuta zaidi ya dakika kumi, namba yake niliiandika kwenye daftari la lindo. Hata sisi wenyewe tulishukiana. Mwezi wangu wa kwanza, namba ya kufungulia mlango wa jikoni ilibadilishwa mara mbili na hakuna aliyeniambia, nikawa nakunywa maji ya chupa niliyotoka nayo kambini tunakolala walinzi. Mimi ni Mwislamu wa Tanga, nafunika nywele, na baadhi ya wanawake walikuwa wakitazama mtandio wangu kwanza, kisha mikono yangu, ndipo wanipe mikoba. Sikuwalaumu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemwambia mama yangu kwamba nalinda shule. Aliponiuliza shule ya nani, nikajibu ya watoto wa Wazungu, nikamuuliza haraka habari za mguu wake.

Aliyenizoea kwanza ni madam mmoja wa makamo ya bibi yangu. Yeye ndiye aliyesimamia shughuli za wanawake. Kila Jumapili alibandika ratiba ya wiki upande wa ndani wa geti: Alhamisi wanawake wasuke mikate, Ijumaa sala na chakula cha jioni, Jumapili darasa la watoto. Niliisoma ratiba hiyo mpaka nikaijua kuliko wenyewe. Alhamisi alinitolea mkate mmoja uliosukwa kama nywele, bado una moto. Nilimshukuru, nikauweka kwenye mfuko, na sikuula mpaka kesho yake, baada ya kumwona yeye mwenyewe akila wa sinia lile lile.

Ilikuwa Januari, majira yale ambayo Dubai inavumilika, na sala ya Ijumaa ilikuwa ikifanyikia uani. Jua lilikuwa limebakiza dakika chache kuzama. Watu wote wa orodha walikuwa wameshaingia. Akatokea mwanamume mmoja akitembea kwa miguu, mweusi kama mimi, suruali ya sare ya kazi, shati jeupe lililopigwa pasi, kofia ndogo mkononi. Nikamsalimia kwa Kiswahili bila kufikiri, maana sura yake ilikuwa ya kwetu.

"Nimekuja kuomba," akasema. Lafudhi ilikuwa ya Uganda.

"Kuomba nini? Kama ni kazi, hapa hawaajiri getini."

"Siyo kazi, nyabo," akasema, akiniita bibie kwa Kiganda. "Kuomba Mungu."

Kwetu Tanga tunasema kusali, kwa hiyo nilichelewa kumwelewa. Nilipomwelewa nikacheka. Naandika hapa nilivyomfanyia, sifichi. Nikamwambia, "Ndugu yangu, umepotea. Msikiti uko mtaa wa pili. Kama wewe ni Mkristo, makanisa yako mbali na hapa, itabidi upande gari."

"Sijapotea," akasema. "Mimi ni Myahudi."

Nikamwambia ageuze mifuko nione ana nini. Hakuwa na kitu. Hakuwa na simu, hakuwa na pochi, hakuwa hata na kadi ya basi. Kitambulisho chake cha kazi tu, kimening'inia shingoni. Hapo ndipo moyo wangu ulipofungika kabisa. Dubai hii, mtu mzima anatembea bila simu? Nikajisemea, huyu ameviacha mahali ili asijulikane. Nikanakili jina la duka lililokuwa kwenye kile kitambulisho, duka kubwa la vyakula kule Al Barsha, nikamwambia hayumo kwenye orodha na aende.

Hakubisha. Akavuka barabara, akasimama kando ya kiwanja kitupu kinachotazamana na geti letu, na hakuondoka mpaka giza lilipoingia.

Ijumaa iliyofuata akarudi. Safari hii hakunisogelea. Alikwenda moja kwa moja pale pale ng'ambo, akavaa kofia yake, akasimama akitazama ukuta wetu. Nilimpigia msimamizi.

"Anafanya nini?" akauliza.

"Hafanyi kitu. Anasogeza midomo."

"Dada, mtu anayesimama bila kufanya kitu ndiye wa kuangaliwa. Usimwondolee macho."

Sikumwondolea macho, na ndiyo maana niliona nilichokiona. Kuna wimbo wanaouimba Ijumaa kuikaribisha Sabato, na wakifika ubeti wa mwisho wote huugeukia mlango na kuinama. Mara ya kwanza ulinishtua, maana mimi ndiye niliyekuwa mlangoni, na nyuso zote ziligeuka kunitazama kwa pamoja. Jioni ile sauti zilikuwa zikivuka ukuta. Walipofika pale, nikasikia viti vikisogea uani, na nikamwona yule Mganda ng'ambo naye akigeuka, akaupa ukuta mgongo, akainama kulia, akainama kushoto, mbele ya kiwanja kitupu chenye mifuko ya saruji. Hakuna aliyemwashiria. Hakuna aliyekuwa akimtazama, isipokuwa mimi.

Mtu mwingine angelainika. Mimi niliogopa zaidi. Nikawaza, huyu amefundishwa, na amefundishwa vizuri. Nikaandika yote kwenye daftari.

Jumapili yule madam alilisoma daftari, akanijia akiwa amevua miwani.

"Anasema yeye ni Myahudi?"

"Ndivyo anavyosema, madam."

"Wewe unatoka sehemu zile. Niambie. Uganda kuna Wayahudi?"

Ningeweza kusema sijui. Uganda sijafika, na Tanga na Uganda ni mbali. Lakini aliniuliza kama mtu anayetegemea jibu langu, na tangu nianze kazi pale hakuna aliyewahi kunitegemea kwa jambo la maana. Nikasema, "Hakuna, madam. Anadanganya."

Akatikisa kichwa taratibu, akaenda zake. Ijumaa ya tatu msimamizi alikuja mwenyewe. Alimsubiri yule mtu upande wa pili wa barabara, na alipofika alimwambia mbele yangu kwamba akionekana tena mtaani pale ataitwa polisi, na mwajiri wake ataarifiwa. Kwa mtu ambaye visa yake iko mkononi mwa mwajiri, maneno hayo yanatosha. Yule Mganda aliniangalia mimi, siyo msimamizi, halafu akageuka akarudi alikotoka, kwa miguu.

Wiki ile ile nilimsimulia mwenzangu wa chumbani. Ni Mganda, mlinzi kama mimi, analala kitanda cha juu na mimi cha chini. Nilimsimulia kama kichekesho: umewahi kusikia Mganda Myahudi? Nilingoja acheke. Akaning'iniza kichwa chake chini akanitazama.

"Wako," akasema. "Mbale, kule milimani. Nimesoma nao. Jumamosi walikuwa hawaji shule na mwalimu alikuwa hawachapi."

"Wayahudi wa kweli?"

"Wewe unataka wa uongo? Wanavaa vikofia, wana nyumba yao ya kuombea, hawashiki moto Jumamosi, hawabebi kitu. Babu zao na babu zao."

Hawabebi kitu. Nililala chali nikiutazama ubao wa kitanda chake, nikaiona ile mifuko mitupu niliyomwambia aigeuze, na mwendo ule wote wa kutoka Al Barsha kwa miguu, kwenda na kurudi.

Kusema kweli, nilitafuta njia ya kunyamaza. Madam alikuwa hajaniuliza tena. Msimamizi alikuwa ameridhika. Nikisema nilisema uongo, naweza kuhamishiwa lindo la maghala, au kurudishwa nyumbani. Siku mbili nilijiambia kwamba hata mwenzangu huenda anakosea, na nikaanza kumshuku yeye: labda wanajuana, labda ni ndugu. Jumapili ilipofika na madam akaja kubandika ratiba, mdomo wangu ulifunguka wenyewe.

"Madam, wapo."

"Nani wapo?"

"Wayahudi wa Uganda. Nilikwambia hakuna. Sikuwa najua. Nilisema tu."

Alibaki ameshika utepe wa gundi mkononi. "Kwa nini ulisema?"

Nilijaribu kutafuta jibu zuri, nikapata la kweli. "Nilimwona amevaa sare kama mimi, madam. Sikuamini kwamba mtu wa namna yetu anaweza kuwa mgeni wenu."

Hakunikasirikia, na pia hakunipoza. Alisema tu kwamba wao wana sababu zao za kuogopa watu wasiowajua, lakini woga wao hawakunipa mimi niutumie kumfukuza mtu wao. Kisha akasema rabi atataka uthibitisho kutoka kwao Uganda, na kwamba kwa kuwa mimi ndiye ninayejua anafanya kazi wapi, mimi ndiye nitakayekwenda kumtafuta.

Nilikwenda siku yangu ya mapumziko. Nilimkuta kwenye rafu za mchele, akipanga mifuko. Aliponiona aliweka chini mfuko aliokuwa nao na kurudi nyuma hatua moja.

"Nyabo, sikuja tena kwenu," akasema. "Uliza mtu yeyote. Ijumaa nilikaa chumbani."

"Najua. Wamenituma. Wanataka namba ya rabi wenu wa nyumbani wamuulize, ili jina lako liandikwe."

"Nani amekutuma? Yule mwanamume aliyetaja polisi?"

"Hapana. Madam mmoja, ni mkubwa wao pale."

"Na namba hiyo mtaifanyia nini?"

Nikamwambia watapiga tu. Akaniuliza kama wanataka kumpigia mwajiri. Nikaapa hapana. Akaniuliza kwa nini leo, kwa nini mimi, na kwa nini nimekuja nimevaa nguo za nyumbani na siyo sare. Kila nilichojibu alikipima. Nililijua vizuri lile jicho, ni jicho langu la getini. Nikamwambia basi, kwamba walikuwa wameniuliza kuhusu watu wake na mimi nikawaambia hawapo.

Alimsogezea mteja mmoja mfuko wa mchele, akangoja aende.

"Ulisema hatupo?"

"Nilisema."

Hakunipa namba. Alisema, "Mwambie madam wako aandike yake, nitapiga mimi nikitaka." Nikaandika namba ya madam nyuma ya risiti, nikampa, nikaondoka nikiwa na hakika kwamba ataitupa.

Hakuitupa. Majuma mengi yalipita kabla sijajua. Kulikuwa na simu za Uganda, barua kutoka huko, maswali ya rabi, na mimi getini sikuambiwa chochote. Nilichoona ni ratiba tu, ambayo sasa ilikuwa imejaa maandalizi ya sikukuu yao ya Purimu: kufungasha zawadi za vyakula, watoto wafanye mazoezi ya mchezo, kila mtu atafute vazi la kujigeuza. Msimamizi aliposikia kwamba watakuja wamevaa vinyago alishika kichwa.

Siku hiyo ilikuwa mwezi wa Ramadhani, adhuhuri, nami nimefunga. Walikuja simba, malkia, rubani, mtu mmoja amejifanya chupa ya ketchapu, na kila mmoja nilimwambia avue kinyago nimwone uso. Watoto walinichekea wakaninyooshea peremende, nikazitia mfukoni ningoje magharibi. Nikiwa katikati ya kazi hiyo akafika mtu mmoja asiye na kinyago, shati jeupe, kofia yake kichwani. Msimamizi alimtambua kabla yangu, akasogea. Nikamwonyesha jina la mgeni kwenye orodha. Akalisoma mara mbili, akarudi nyuma.

"Nyabo," Mganda akasema, akanyoosha mikono pande zote mbili nimpekue, kama watu wanavyofanya uwanja wa ndege. Sikumgusa, yeye ni mwanamume, kazi hiyo ni ya msimamizi. Lakini nilisimama pale mpaka ikaisha. Yule madam alikuwa akimsubiri ndani ya geti. Hakumkumbatia wala kumpigia vigelegele. Alimwambia karibu, akamwuliza kama amekula, akaingia naye.

Baada ya hapo alikuja karibu kila Ijumaa, mpaka mwajiri wake alipombadilishia zamu akawa anafanya kazi Ijumaa mpaka jioni. Ndani walimpenda. Nilimsikia akiimba, ana sauti nzito, na watu walikuwa wakimwomba awafundishe namna nyimbo hizo zinavyoimbwa kwao. Mimi alinisalimia kila mara, "Nyabo," na hakuongeza neno.

Mara ya mwisho kuonana naye ilikuwa Jumanne, mchana, alipokuja kurudisha kitabu cha sala alichoazima. Tulikuwa wawili tu getini. Nikamuuliza kilichokuwa kinanikaa rohoni muda wote ule.

"Ndugu yangu, umenisamehe?"

Akafikiri, kweli akafikiri, kitabu amekikumbatia kifuani.

"Nyabo, mimi bado nakuangalia," akasema, kisha akaingia ndani.