Bingwa Aliyezikwa Amekaa

Ukitaka kucheka, cheka sasa kabla sijaanza. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, hapa hapa Ulemo, mchana kweupe, na mimi si mlevi.

Mzee Kitundu uliwahi kumsikia? Bingwa wa drafti. Watu walitoka Dodoma na Tabora kuja kumjaribu kwenye kijiwe chake, ubavuni mwa mashine ya kukamua alizeti, ambako kete ni vizibo vya soda na viti ni makreti yaliyopinduliwa. Sheria ya kijiwe ni moja: aliyefungwa ananyanyuka, aliyefunga anabaki kwenye kreti lake mpaka apatikane wa kumfunga. Usiku mzee alikwenda kulala kama sisi sote, lakini kukikucha kreti la ukutani lilikuwa lake. Hakuna aliyewahi kumnyanyua.

Asubuhi moja ya msimu wa mavuno wakamkuta amekaa palepale, mgongo ukutani, amekufa. Mbele yake mchezo ulikuwa katikati. Alikuwa anacheza na nani? Hakuna anayejua mpaka leo. Polisi waliuliza, daktari akasema moyo, majirani wakasema karogwa. Msibani msemaji wa ukoo akatamka kwa fahari, "Mzee wetu ameondoka bila kufungwa!" Tukapiga makofi. Makofi, msibani! Hatukujua tunafanya nini.

Mjane wake akaomba ubao ule usiguswe, na haukuguswa.

Baadaye nilipeleka magunia yangu mashineni, umeme ukakatika. Ilikuwa Ijumaa. Juma, mwendesha mashine, akaenda msikitini, wengine wakaenda kula. Nikabaki na joto na harufu ya mashudu, yale makapi ya alizeti iliyokamuliwa. Kwa uchovu nikakaa kwenye kreti la wageni, lile linalotazamana na la mzee. Upepo ukapita, vumbi likaniingia machoni, nikayafikicha. Nilipoyafumbua, mzee alikuwa amekaa mbele yangu.

Utasema wewe ungekimbia. Hata mimi nilidhani ningekimbia. Unajua nilifanya nini? Nikasema, "Shikamoo, mzee." Mdomo umezoea.

"Marahaba. Wewe si ndiye unayefungwa mpaka na yule Mhindi wa duka la vitambaa pale mjini?"

"Ndiyo mimi, mzee."

"Basi nimefikia hapo. Haya, cheza."

"Lakini mzee," nikasema, "wewe tulikuzika."

"Mlinizika nimekaa! Aliyeshinda hanyanyuki, na nyie mnapiga makofi tu. Nimechoka, mjukuu wangu. Mgongo unaniuma. Nifunge ninyanyuke."

"Si ujiachie tu nikufunge?"

Akanitazama kwa dharau ile ile ya siku zote. "Mtu akijiachia, huyo naye kafungwa? Cheza bwana, unanipotezea mchana."

Tukaendeleza mchezo ule ule aliouacha. Vizibo vilikuwa vya baridi, amini usiamini, katika jua lile. Sikufikiria ushindi hata kidogo. Nilisukuma kete ovyo, ili tu mkono wangu urudi kwangu. Mzee akaguna. Kwenye drafti kula ni lazima. Akaila kete yangu, na kwa kuila akafungua njia, nami nikaruka zake moja baada ya nyingine mpaka hakubakiwa na kitu. Nilifanyaje? Sijui. Nimeurudia mchezo ule kichwani mara nyingi na bado sijui.

Mzee akacheka. Akashika magoti, akanyanyuka polepole, akajipangusa suruali.

"Haya," akasema, "kaa wewe."

Akapinda kona ya mashine. Umeme ukarudi, mashine ikanguruma.

"Kaka, nani kakuruhusu kugusa ubao wa marehemu?" Ilikuwa sauti ya Juma.

"Nilikuwa nacheza naye."

Akaanza kucheka, kisha akaangalia nilipokaa, akarudi nyuma. Nilikuwa kwenye kreti la mzee, mgongo ukutani. Naapa sikumbuki kuhama.

Tangu siku ile sijafungwa. Nilikwenda mjini kwa Mhindi wangu, nikacheza hovyo kwa makusudi, nikashinda. "Ndugu yangu, nani kakufundisha?" akaniuliza, na mimi karibu nilie. Nimejaribu kuacha, asubuhi najikuta miguu imenileta kijiweni. Watu wameanza kutoka mbali, wananiita bingwa. Mgongo nao umeanza. Mke wangu ananiuliza mbona kitandani naamka kama kikongwe, nimjibu nini? Na usiku linanijia swali moja: hivi mzee naye, enzi za ujana wake, alimnyanyua nani?

Kwa hiyo ukipita Ulemo ukanikuta nimekaa, nikakuita kwa utani, nikakutania mpaka ukoo wako, usikae. Najijua, nitakubembeleza vizuri sana. Pita tu.

Na ukisikia nimekufa, njoo msibani. Atasimama mtu kusema sikuwahi kufungwa. Usimwache amalize. Simama nawe, danganya mbele za watu, sema ulinifunga wewe. Sema kwa sauti, nisikie.