Ngazi ya Harusi

Vijana wa studio ya michezo ya kompyuta walinitembelea nyumbani Miembeni mwaka jana. Walikuwa wameuokota mahali ubao wetu wa zamani wa nyoka na ngazi, ule wa kuwafundisha watoto habari za ukimwi, wakaugeuza kuwa mchezo wa simu. "Mama, tumekuletea mtoto wako," wakaniambia. Nilipoiona ile ngazi ya harusi bado imesimama, nilitamani kuwafukuza.

Ubao ule niliuchora mimi. Vita vya Uganda vilikuwa vimekwisha, lakini kuzika hakukuisha; vibanja vilikuwa vinaota magugu kwa kukosa wa kupalilia migomba. Mradi wa elimu ya ukimwi ulioniajiri ulikodi chumba nyuma ya duka, nami nikachora kwa rangi ya mafuta: ukiingia baa, nyoka anakumeza, ukifunga ndoa, unapanda ngazi ndefu hadi karibu na ushindi. Kete zetu zilikuwa punje za kahawa.

Nilimwambia mkuu wetu, msomi aliyetoka mbali, kwamba ngazi ile ni ya uongo. Dada yangu aliolewa kanisani, kule Kaagya, na hakumjua mwanamume mwingine. Mumewe ndiye aliyekuwa akivuka mpaka kwa magendo tangu siku za vita. Alikuwa akirudi na sabuni na vitenge, mwishowe akarudi na ugonjwa. Alipokufa, mashemeji wakasema dada ndiye aliyemuua, wakamtoa kibanjani. Akaja kufia mikononi mwangu.

"Pole sana," mkuu akasema. "Lakini tukiondoa ndoa, watoto tuwaambie wakimbilie wapi?"

"Dada yangu alikimbilia huko huko," nikamjibu.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ngazi ikabaki.

Tukaenda kuujaribu mchezo katika shule moja ya Muleba. Dadu ikamfikisha msichana mmoja harusini. Akaiacha punje yake pale pale, akaweka mikono mapajani.

"Panda," mwalimu wake akamwambia.

"Sipandi, mwalimu. Mama aliolewa kanisani. Tumemzika."

Wenzake hawakucheka hata mmoja. Mkuu akaninong'oneza kwamba kanuni hazijaeleweka. Mwalimu akainama, akaipandisha punje mwenyewe, na haukupita muda msichana akashinda. Tukampigia makofi, tukampa penseli. Nilimchukia mkuu wangu siku ile, na mpaka leo sijaacha.

Niliwasimulia vijana haya yote. Wakasikiliza kwa adabu, kisha mmoja akasema wafadhili wameipenda sana ngazi ile. Akanipa simu nijaribu mwenyewe. Nikafika harusini, vigelegele vikalia. Nikaondoa kidole, nisiguse kitu.

Kete ikapanda yenyewe.