Mama Mkwe, Sabuni na Mti Wangu wa Avokado

Aibu hii nawasimulia mwenyewe kwa sababu mtaisikia tu kwa watu wa ile ploti yetu ya vyumba vya kupanga kule Kariobangi, na wale huiongezea chumvi mpaka mimi mwenyewe siitambui.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa nimekazana kukuza mti wa avokado uani, ndani ya pipa lililokatwa, juu ya simiti, jua la kuchoma, mifereji mikavu wiki nzima, eti kwa sababu kwetu Vihiga avokado zinaota hata kando ya choo (kichwa ngumu, najua). Majani yalikuwa yanakauka ncha, majirani wananicheka, nami nazidi kuumwagilia.

Basi Jumamosi moja mama mkwe akafika, mara yake ya kwanza, aone binti yake Rosa anatunzwa vipi. Rosa akamwekea ndoo moja ya maji katika lile bafu la ploti nzima, na mtungi mmoja akauacha mlangoni petu. "Hayo ni ya mama kujisuuza, nitampelekea nikirudi. Usiguse!" Akakimbilia buchani.

Nikautazama mti wangu ulivyolegea, nikajiambia, kwani ndoo nzima haimtoshi mtu mmoja? Nikaumwagia mtungi wote. Udongo haujamaliza kunywa nikasikia kutoka bafuni, "Rosa! Leta maji, sabuni imeingia macho!"

Sasa mimi nifanye nini? Kwetu mama mkwe hata mkono humpi, sembuse kumsogelea akiwa anaoga! Nikajificha nyuma ya pipa kwanza (ndio, nilijificha), lakini akaita tena, kwa ukali sasa, ikabidi nimgongee jirani, Mama Halima.

"Nisaidie maji, mama. Mama mkwe wangu amekwama bafuni."

"Kwani yake yalienda wapi? Si nilimwona Rosa akiyabeba asubuhi?"

"Nilimwagia avokado," nikanong'ona.

"Ulimwagia nini?!"

Mwanamke huyo ana sauti, jamani! Milango yote ikafunguka, vijana waliokuwa wakicheza drafti wakaacha mchezo, mmoja akaniuliza, "Buda, huo mti haungengoja kesho?" na kila anayetoka anataka aelezwe upya, na Mama Halima badala ya kuteka maji anawaeleza, huku mwenye sabuni machoni akisikia kila neno. Nilikasirika na ploti nzima, kana kwamba wao ndio waliomwaga.

Hatimaye Mama Halima akampelekea nusu ndoo. Mama mkwe akatoka amejifunga leso, macho mekundu, mimi nimegeukia ukuta kwa heshima, na Rosa ndio anaingia getini na nyama yake. Mama mkwe akamsemesha yeye, si mimi.

"Rosa, mwulize bwanako, mimi nikishaenda, wewe atakuwa anakuachia maji?"

Rosa akanigeukia, na niliona anangoja jibu kweli. Nilitamani kulia.

Mama mkwe alikuja kukaa wiki, akaondoka kesho yake na basi la asubuhi, nami nimeapa sipandi tena mjini hata kitunguu. Mti wenyewe ulikauka baadaye, maji yote hayo bure, Rosa akaung'oa akawashia jiko, na haukutosha hata kuchemsha chai.