Majivu kwenye Majani ya Hopsi

Mwaka 1997, nikiwa na miaka kumi na miwili, shida ilitupokea Johannesburg kwa harufu ya hopsi. Ni harufu kali, kama ganda la limau lililopondwa pamoja na utomvu wa msonobari, na ukishika maua yake vidole vinanata mpaka sabuni inakata tamaa. Hopsi ni mmea wa kutambaa ambao maua yake huipa bia uchungu. Mwenye nyumba yetu pale Malvern, mzee wa Kizungu ambaye mtaa mzima ulimwita Oom Hennie, yaani Mjomba Hennie kwa Kiafrikana, aliupandisha ukutani kwa kamba ndefu ili ajipikie bia yake mwenyewe. Sisi tulikaa chumba cha uani: baba, aliyekuwa mlinzi wa duka, mama, mimi na wadogo zangu wawili. Badala ya kodi mama alitunza bustani, na sharti lilikuwa moja tu, hopsi zisife. Kabla ya hapo tulilala miezi minne kwenye sakafu ya kanisa, kwa hiyo mtu asije kuniambia kwamba sharti lile lilikuwa gumu.

Mwezi wa kumi na moja jua likachoma na mvua ikagoma. Majani ya chini yakaanza kupata vidoa vya njano, vidogo kama vimechomwa kwa sindano, kisha yakageuka rangi ya shaba na kukauka. Mama alikulia shambani kwetu Kongo, karibu na Uvira, na hakuna mtu ambaye angeweza kumfundisha habari za majani. Alisema mmea una njaa, akaweka samadi. Wapi. Akasema una kiu, akamwagia maji shinani asubuhi na jioni. Wapi. Ndipo akafanya kama mama yake alivyofanya kwenye maharage: alichekecha majivu ya mkaa, akayanyunyiza kwa mkono juu ya majani yote huku akiimba wimbo wa kwaya. Kwetu majivu ni dawa ya kila mdudu. Baba aliporudi kazini alisimama akautazama ukuta uliogeuka mweupe kwa majivu.

"Mama Furaha, umeutibu mmea au umeuzika?"

"Weye linda duka lako," mama akamjibu. "Majani niachie."

Siku ya tatu Oom Hennie akatoka na miwani yake. Aliona weupe, hakuugusa, akapiga kelele kwamba ni ukungu, ule ugonjwa unaoyapaka majani unga mweupe, na kwamba umetoka kwenye maharage ambayo mama alikuwa ameyapanda chini ya ukuta. Alikuwa amefanya kazi migodini, na Kizulu chake kilikuwa cha kule chini, chenye amri nyingi kuliko salamu. Mimi nilikuwa nimeokota Kizulu barabarani, kwa hiyo nikawa mkalimani.

"Mama, anasema maharage yang'olewe leo. Hopsi anazikata zote azichome, na sisi tuhame kabla ya Jumapili."

Mama akanishika bega. "Mwambie tutang'oa. Ya majivu usiseme."

"Lakini siyo ukungu, mama."

"Furaha, nimesema! Akijua ni mimi, hiyo Jumapili yenyewe hatutaiona."

Watu husema msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Sawa, lakini aliyeshika mwiko wa ugali alikuwa mama. Oom Hennie alikuwa ameshaleta mkasi wa bustani na kukata kamba ya kwanza. Nikaenda ukutani, nikapitisha kidole juu ya jani. Weupe wote ukatoka, jani likabaki na vidoa vyake vya njano. Nikamwonyesha kidole. "Ni majivu, Oom. Mama aliyaweka." Nikaligeuza lile jani ili nimwonyeshe kwamba chini ni safi, na hapo nikaona utando mwembamba kama wa buibui, na ndani yake vumbi. Vumbi lile lilikuwa linatembea. Utitiri! Kikulacho ki nguoni mwako, na sisi tulikuwa tunautibu mmea mgongoni wakati unaliwa tumboni. Oom Hennie alilisogeza jani karibu na pua, akatukana kwa Kiafrikana, akashusha mkasi. Kisha akamgeukia mama: jua kali na vumbi ndiyo karamu ya utitiri, na majivu yake yalikuwa yamewaandalia meza.

"Huyu mtoto ataosha," akasema. "Kila jani, juu na chini, maji na sabuni, mpaka mavuno. Akiacha, mnahama."

Nikaosha. Desemba yote nilikuwa juu ya ngazi na ndoo na kitambaa, mikono ikiwasha kwa vinyweleo vya mmea ule. Januari shule zilipofunguliwa niliwaona wenzangu kutokea juu, wakipita na soksi nyeupe. Hopsi zilipovunwa, nafasi za shule zilikuwa zimejaa, na mwaka uliofuata nilikuwa tayari mbele ya cherehani. Baada ya siku ile ya mkasi mama hakunisemesha wiki mbili. Alinitengea chakula, akanipa kisogo. Kisha asubuhi moja alikuja akanishikia ngazi.

"Ungenyamaza, tungehama wote," akasema. "Umesema, umebaki weye peke yako huku juu. Sijui nikushukuru au nikulilie."

Mpaka anafariki hakuwa ameamua. Mimi pia sijaamua, na nina zaidi ya miaka arobaini. Kanisani wananiita mzee wa akina mama. Wanangu ninawasimulia haya kwa Kiswahili, wananijibu kwa Kiingereza, "Eish, Mama, mlikuwa mnaishi hivyo?" Ndiyo, tuliishi hivyo, na tulishukuru.

Leo nina nyumba Kensington, hati ina jina langu. Nina vyumba vitatu vya uani, vyote vina wapangaji, na kila mmoja ana karatasi yake iliyosainiwa. Nina cherehani tano na duka Jules Street. Nina gari moja, kuukuu, linawaka. Elimu niliyo nayo ni darasa la nne.