Kufuli Lisilohitaji Namba

Usiku ule Loisi alizijua pikipiki zote za kijiji kwa sauti. Ya mwalimu mkuu ilikuwa na kikohozi. Ya kijana wa dukani ilipanda kilima ikilia kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi. Kila moja ilipokaribia alisimama mlangoni, kanga ameikaza kiunoni, na kila moja ilipopita alirudi kukaa kwenye kigoda. Hakuna iliyombeba Fides.

Fides, bintiye wa pekee, alikuwa ameitwa ofisi ya kijiji tangu alasiri. "Wananiuliza tu, mama. Funika chakula, narudi kula," alisema, akaondoka hata sweta hakuchukua. Na baridi ya Mbozi mwezi wa saba si ya kuchezea. Ugali uliofunikwa ulishakuwa mgumu kama tofali.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Asubuhi ya siku hiyo wanakikundi walifika stoo kupima kahawa yao, wakakuta magunia sita hayapo. Mlango mzima, bawaba nzima, ukuta hauna hata mkwaruzo. Na kufuli lilikuwa linaning'inia mahali pake, limefungwa.

Lilikuwa kufuli la namba. Zamani stoo ilifungwa kwa kufuli la ufunguo, na ufunguo ulikaa mfukoni mwa mwenyekiti, Mzee Lusubilo. Lakini Mzee Lusubilo ni mtu wa misiba na harusi, leo yuko Vwawa, kesho yuko Chitete, na wenye kahawa wanasimama na magunia yao mvuani wakimsubiri. Watu waliponung'unika sana alikwenda Tunduma, akarudi na kufuli lenye vigurudumu vinne vya namba, akalipitisha mkutanoni kama mnadi.

"Hili halina ufunguo wa kupotea wala wa kuchongesha," alisema. "Namba zake ni elfu kumi. Mwizi atakesha anajaribu, jogoo watawika hajafika popote!"

Watu walicheka, wakapiga makofi. Namba ya kulifungua wakaijua wawili tu: yeye mwenyewe na Fides, mtunza stoo, aliyechaguliwa kwa kuwa amemaliza kidato cha nne na si msichana wa maneno mengi. Sasa kahawa ilionekana mara ya mwisho siku nne nyuma, na siku zote nne Mzee Lusubilo alikuwa msibani Chitete, akila na kulala mbele ya watu mia. Ukitoa mmoja kwenye wawili, anabaki nani?

Hesabu hiyo Loisi aliifanya, naye aliishia darasa la tano. Saa nane za usiku aliwasha tochi ya simu akainama chini ya kitanda cha mwanawe. Aliona haya, lakini alitazama. Alitazama na nyuma ya choo, na kwenye banda la kuku. Karibu na jiko aliona punje mbili za kahawa. Zilikuwa zao, hakuna nyumba ya Mbozi isiyo na punje za kahawa sakafuni. Hata hivyo aliziokota upesi akazitupa motoni, kisha akakaa akilia kwa kuwa mkono wake ulikuwa umefanya vile bila kumuuliza.

Kulipopambazuka alikuja Mika, mgambo, kwa miguu.

"Mama Fides, hodi. Yuko salama. Amelala kile chumba cha nyuma pale ofisini. Nimempa koti langu."

"Anatoka lini?"

"Kesho asubuhi kuna mkutano wa kikundi. Wanasema arudishe kahawa, au ataje aliyempa namba. Akishindwa, gari la polisi linakuja mchana."

"Na kama hakumpa mtu?"

Mika alikwangua tope kwenye buti lake. "Mama, mimi kazi yangu ni kulinda mlango."

Loisi akampelekea mwanawe uji. Mlango haukufunguliwa, kikombe kilipita dirishani, kati ya nondo. Loisi akaweka mdomo kwenye ubao wa mlango.

"Fides, niambie mimi mama yako. Ulimwambia mtu hiyo namba?"

"Hata wewe sikukwambia, mama."

Ilikuwa kweli. Aliwahi kumuuliza kwa utani, akanyimwa, naye akaenda kujigamba kanisani kwamba binti yake ana kifua.

Sasa mtu atafanya nini? Loisi hakuwa na ndugu mwenye cheo, wala mume; mume alikuwa kaburini mwaka wa sita. Alijua jambo moja tu: kufuli lilinunuliwa Tunduma. Akapanda gari la saa mbili kwenda kumuuliza muuzaji kama kufuli lake limewahi kufunguka lenyewe.

Muuzaji hakuinua hata macho. "Makufuli yangu ni mazima, mama. Kama mtu wenu ni mwizi msije kunilaumu mimi."

Loisi alinunua moja kama lile la kikundi, asijue la kufanyia nini, akatoka nalo nje akiligeuzageuza. Kando ya duka, chini ya mwavuli uliopauka, alikaa fundi wa funguo, Jofrey, mtu wa makamo, mbele yake meza imejaa funguo za malori na za nyumba. Wateja wake wengi walikuwa Wazambia, kwa hiyo kila mwanamke alimwita bamayo, kama wao wanavyowaita mama zao.

"Bamayo, hilo umenunua la nini?"

"La mlango."

"Hilo si kufuli, bamayo. Hilo ni hereni ya mlango."

Jofrey akaliomba kufuli. Kwanza akamwambia abadilishe namba ya kulifungua apendavyo, alifunge, bila yeye kuona. Kisha akakivuta kidogo kwa kidole kile chuma kilichopinda, akazungusha vigurudumu kimoja kimoja huku akitazama watu barabarani. Kabla dereva wa lori lililokuwa mbele yao hajamaliza kugombana na ofisa wa foleni, kufuli lilikuwa wazi.

Loisi alikaa chini, kwenye vumbi palepale. "Baba, umefanyaje? Mwanangu amefungwa kwa ajili ya hilo."

Jofrey alipoisikia habari yote aliacha mzaha. "Sikiliza. Vigurudumu hivi vingechongwa sawasawa, nisingeweza. Lakini vinatengenezwa harakaharaka, kwa hiyo kimoja lazima kimekaa kombo kuliko wenzake. Ukivuta chuma, hicho ndicho kinachobanwa kwanza. Kizungushe taratibu. Kikifika kwenye namba yake, kinalegea, chuma kinapanda unywele mmoja. Hapo kinabanwa cha pili. Halafu cha tatu. Namba huihitaji, kufuli lenyewe linakuambia. Na wezi wengi hata hawafiki huko, maana mwenye kufuli akishafunga husogeza kigurudumu kimoja tu, kwa uvivu."

"Nifundishe."

"Wanaume hapa wanashindwa wiki nzima."

"Nifundishe, baba."

Mara ya kwanza alishindwa, na ya pili. Mara ya tatu alifumba macho. Miaka kumi na tisa Loisi alikuwa amechambua kahawa mezani, na punje mbovu aliitambua kwa ncha ya kidole akiwa anaongea na jirani yake. Alipofumba macho kufuli likawa kama kahawa. Kigurudumu kimoja kilikuwa kizito, akakisikiliza, kikalegea. Baadaye kidogo chuma kiliruka mkononi mwake.

"Aa! Vidole vyako vina macho, bamayo!" Jofrey alisema.

"Twende wote kijijini kesho. Nauli yako mimi. Ukawaonyeshe tu."

Fundi akatikisa kichwa. "Fundi wa kufuli akionekana penye wizi, kesho yake mwizi ni yeye. Nina watoto. Nenda na vidole vyako, na jina langu liache hapahapa Tunduma. Niahidi."

Akamwahidi. Njiani kurudi alishika lile kufuli ndani ya kanga, akalifungua na kulifunga, akalifungua na kulifunga, na kwa mara ya kwanza tangu jana alihisi njaa.

Mkutano ulikaa mbele ya stoo saa tatu asubuhi. Mtendaji wa kijiji aliliweka kufuli la kikundi mezani, juu ya daftari lake. Fides hakuletwa. Mzee Lusubilo alizungumza kwa huzuni, na huzuni yake ilikuwa ya kweli, maana gunia moja kati ya yale sita lilikuwa lake. Alipomaliza, Loisi alisimama.

"Mwenyekiti, naomba nionyeshe jambo. Kufuli hili halihitaji namba. Libadilishe wewe mwenyewe, weka namba mpya unayoijua wewe peke yako, ulifunge, kisha unipe."

Watu walinong'ona. Mzee Lusubilo aligeuka, akaweka namba mpya, akalifunga, akavuruga vigurudumu vyote vinne. Loisi alilipokea. Akafumba macho. Kuku walisikika wakiparura nyuma ya stoo. Kimoja kikalegea. Cha pili. Cha tatu kilimsumbua, jasho likamshuka puani, akarudia. Kufuli likafunguka.

Enesi, wifi yake, dada wa marehemu mumewe, alipiga kigelegele. Wengine wakapiga makofi. Loisi alifumbua macho akaona nyuso zinacheka, akamtafuta Mika kwa macho ili amwambie akafungue mlango.

"Jamani wifi yangu!" Enesi alisema kwa fahari, akiwageukia watu. "Huyu huyu wa kuchambua kahawa! Mambo haya umejifunza lini, wifi?"

"Jana tu. Tunduma."

Makofi yakapungua. Mzee Lusubilo, ambaye kufuli lake lilikuwa limeaibishwa mbele ya kikundi kizima, alikohoa. "Jana? Kwa nani?"

"Kwa fundi mmoja."

"Anaitwa nani?"

"Hakutaka nimtaje."

"Mm," ikasikika kutoka nyuma. "Hakutaka."

"Mama Fides," Mzee Lusubilo alisema taratibu, "mimi nimelishika kufuli hili miezi minane. Nimelivuta, nimelipindua. Wewe umejifunza siku moja?"

"Ni vidole, mwenyekiti. Ni ile kazi ya kuchambua..."

"Vidole tumeviona!" mtu akadakia, na watu wakacheka, lakini si kicheko kile cha kwanza.

"Lakini yeyote anaweza!" Loisi alisema. "Si mmeona? Yeyote anaweza!"

"Haya. Nani mwingine?" Mwenyekiti akalifunga upya, akalitoa. Walikuja wanaume watatu, mmoja baada ya mwingine. Walilivuta kama wanang'oa mhogo. Loisi akawasogelea, akisema, "Taratibu, usivute kwa nguvu. Anza na kile kizito. Hapana, hicho umeshakipita, rudi nyuma. Sikiliza kwa kidole." Na kadiri alivyowaelekeza ndivyo watu walivyozidi kumtazama yeye badala ya kufuli. Aliliona hilo. Alishindwa kunyamaza. Kama mmoja tu wao angeweza, mmoja tu, mwanawe angetoka. Hakuweza hata mmoja.

"Basi," Mzee Lusubilo alisema, akiketi. "Nyumba moja. Mmoja ndiye mtunza stoo, anajua siku ambazo tuko mbali. Mwingine anafungua bila namba. Mimi sisemi kitu. Nimesema tu tulichokiona."

"Anaitwa Jofrey!" Loisi alipiga kelele. "Fundi anaitwa Jofrey, anakaa chini ya mwavuli, mpigieni!"

"Namba yake ya simu?"

Hakuwa nayo. Hakuwahi kufikiri kuiomba.

"Tunduma ina akina Jofrey wangapi, mama?" yule wa nyuma aliuliza, na safari hii hakuna aliyecheka.

Enesi alikuwa ameziba mdomo kwa kanga. "Mimi nilikuwa namsifu," alimwambia jirani yake. "Jamani, nilikuwa namsifu tu."

Mtendaji alifunga daftari. Alikuwa kijana, macho mekundu, yeye pia hakuwa amelala. "Mimi si hakimu," alisema bila kumtazama mtu. "Gari limeshafika njia panda. Waende wote wawili wakaeleze huko. Mika, mchukue mama akae na mwenzake."

Loisi alitaka kusema kitu, akakuta maneno yote yako kwenye vidole, na mikono yake haikuwa na kitu cha kushika. Walitembea na Mika hadi ofisini, yeye mbele, Mika nyuma akiburuta buti, na watoto wa shule waliokuwa wakienda kuchota maji wakawapisha njia.

Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa na kufuli la ufunguo. Mika alikosea tundu mara mbili. "Nisamehe, mama," alisema.

Ukafunguka.

Mwanga uliingia hadi ukutani. Fides aliinuka, nywele zimejaa vumbi la saruji, akamwona mama yake amesimama kizingitini bila kuzuiwa na mtu, na uso wake wote ukang'aa.

"Wameelewa, mama? Nilijua utawaelewesha. Subiri, usiondoke," alisema, na alikuwa ameshainama kwenye kona kutafuta ndala zake wakati Loisi alipoingia ndani na Mika akauvuta mlango.