Mninga Ndani ya Mlango

Twalib Suleimani ni seremala wa Tukuyu mwenye miaka hamsini na minane. Babu yake alikuja huku akitokea Kilwa na sanduku la vifaa, na randa moja ya sanduku hilo Twalib anaitumia mpaka leo. Ametengeneza vitanda vya maharusi, madawati ya shule, hata majeneza ya Wakristo. Watu wa Kisondela na Masoko wakitaka mlango usiovimba wakati wa mvua, humfuata yeye. Kibanda chake cha kazi kilisimama miaka kumi na tisa kwenye kiwanja cha Asajile, mnunuzi wa parachichi, bila karatasi yoyote ya makubaliano.

Jumanne moja saa moja asubuhi Asajile aliingia kibandani bila salamu.

"Fundi, mkaguzi anakuja leo. Ameshatoka Mbeya."

"Mkaguzi wa nini, bosi?"

"Wa gari. Kuna mwenye wivu kalalamika huko Dar. Mkaguzi atakuuliza kama mbao ni zilezile za zamani. Sema ulipiga msasa tu."

"Na nikisema kweli?"

"Hiki kiwanja cha nani, fundi?"

Gari lenyewe lilikuwa la wazi, la kifahari, la kabla ya vita vya Hitla, lenye paa la turubai la kukunja. Mzungu wa shamba la chai alimwachia dereva wake, babu yake Asajile, na kwa miaka mingi kuku walitagia kwenye viti vyake. Asajile alipoamua kulifufua, mafundi wa Mbeya walishika injini na bati. Mbao zilizobeba bati la milango zilikuwa zimeliwa na mchwa, na Twalib akazichonga upya kwa mninga, mti wa huku wenye mbao nyekundu. Ili zisipishane rangi na mbao chache za zamani zilizosalia, alichemsha makapi ya chai pamoja na misumari yenye kutu, akazipaka yale maji meusi mara tatu. Ujuzi huo aliubuni mwenyewe. Alitaka kazi ipendeze tu.

Gari likatwaa kombe kwenye mashindano ya magari ya kale Dar es Salaam, katika kundi la magari ambayo mbao zake hazijabadilishwa. Twalib alilisikia neno hilo kwenye sherehe ya kombe aliyoifanya Asajile, sahani ya pilau mkononi. Alinyamaza, akamaliza pilau. Hapo alikosea, na simtetei.

Asajile alipoondoka, Twalib alirudi nyumbani. Mkewe, Shamsia, alikuwa akimenya ndizi. Twalib alimweleza yote.

"Tukifukuzwa, lile benchi la kazi tutaliweka wapi?" Shamsia aliuliza.

"Sijui."

Shamsia alimenya ndizi mbili zaidi. "Basi nenda. Usiwaweke watu."

Mvua ilikuwa ikipiga bati la ghala la parachichi la Asajile, gari likiwa katikati, linang'aa. Mkaguzi, mama mwenye miwani aitwaye Jenifer, aligonga mlango wa gari kwa kidole, akasikiliza, akagonga tena.

"Mbao imara mno kwa umri huu," alisema.

Asajile alicheka. "Wazungu wa zamani walijua kazi, dada! Muulize fundi. Huyu mtu wa swala tano, hajui kudanganya."

Twalib aliinua uso. Basi swala zake zilikuwa zimegeuzwa muhuri wa uongo wa mtu mwingine. Jenifer alimgeukia na kusubiri. Twalib akatoa bisibisi mfukoni.

"Bisibisi ya nini?" Asajile aliuliza. "Dada ameshasikia."

"Hajanisikia mimi."

Alifungua skrubu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Asajile alisogea, akamshika bega. "Fundi. Fikiria watoto wako." Twalib alifungua zote sita, akaibandua ngozi ya ndani ya mlango, akakwangua ubao kwa patasi. Chini ya weusi ukatokea wekundu.

"Huu mninga, mama. Weusi ni chai. Milango yote miwili nimechonga mimi. Nilipaswa kusema siku ya sherehe, sikusema."

Jenifer alivua miwani. "Ndugu Asajile, lipo kundi la magari yaliyotengenezwa upya. Kwa kazi hii ungeshinda huko kwa haki. Kombe nitaondoka nalo."

"Mchawi wa chai wewe!" Asajile alimfokea Twalib. "Ikifika magharibi nisione hata maranda yako kwenye kiwanja changu!"

"Nimesikia, bosi."

Alirudisha ile ngozi, akakaza skrubu zote sita, akaufuta mlango alama za vidole. Kazi ya mtu haiachwi wazi kwa sababu ya hasira.

Alipofika nyumbani, rundo la kuni lililokuwa barazani halikuwepo. Shamsia alikuwa amelihamishia nyuma ya jiko, baraza ameifagia, na pale sakafu inapoinama ameweka matofali mawili.

"Pima kwanza, Baba Rukia," alisema. "Benchi lisipoenea, tutatoa na pipa la maji."