Mpiganaji Mwenye Nywele Ndefu

Mama yangu mdogo alipopunguzwa kazi katika ofisi ya shamba la mkonge, alinunua televisheni na mashine ya gemu, vyote vya mtumba, akafungua chumba cha kuchezea karibu na stendi ya Same. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Kazi yangu ilikuwa kufuta vumbi, ambalo upepo uliliingiza hata mlango ukiwa umefungwa.

Gemu lilikuwa la kupigana. Maandishi yake hatukuweza kuyasoma, hivyo wapiganaji tuliwaita kwa maumbo yao: Tumbo, Ndevu, Nywele. Nywele alikuwa mwembamba, nywele hadi kiunoni, na upanga mrefu. Fundi wa kumchezesha alikuwa kijana mmoja wa Myamba, mpakia mizigo pale stendi.

Kwa miezi tulisema tu "amepiga", "ameanguka", na Kiswahili hakikutudai kutaja kama ni mwanamume au mwanamke. Kichasu, lugha yetu ya nyumbani, vilevile.

Siku moja akaja binamu yangu kutoka Dar es Salaam. Akatazama kidogo, akamwambia yule kijana, "Kumbe unacheza na demu?"

"Demu yupi?"

"Huyo wako. Hukioni hicho kiuno?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Kijana akaweka pedi ya kuchezea chini. Kuanzia hapo akawa anamchagua Tumbo, na karibu kila siku akawa anapigwa.

Nywele akakosa mtu. Nikamchukua mimi, mchana, kabla wateja hawajaja. Nilijifunza polepole. Baada ya wiki kadhaa nikamshinda yule kijana mara tatu mfululizo, watu wakiona.

"Huyo ni mwanamume," akasema kwa hasira. "Nimemwangalia vizuri. Ana koo la kiume. Nirudishie."

Mama mdogo alikuwa mlangoni anachambua maharage. Hakuinua kichwa.

"Alipokuwa anakushindia, mwanangu, ulimuuliza?"

 Kijana akaomba zamu, kwa adabu safari hii, akamchagua Nywele. Hakuna aliyecheka. Mimi nikamchukua Ndevu, na hakuna aliyeniuliza kitu. Niliona uchungu kidogo kumwachia Nywele.

Mashine iliungua siku umeme uliporudi kwa nguvu. Mama mdogo akaanza kuuza nguo za mitumba humohumo. Kijana alihamia Mwanga, akaoa. Niliwahi kukutana naye huko sokoni. Tukasalimiana, tukaongea habari za mvua, kila mmoja akashika njia yake.